Uso wa Rwegoshora

Kitendawili. Anasimama njia panda jua na mvua. Bunduki anayo na hapigi, mdomo anao na salamu haitikii, na wakubwa wakifika wanamvulia kofia. Nani huyo?

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Wa mbali siutaki, nipeni huu wetu mdogo wenye barabara moja ya lami, soko la ndizi, msikiti, na makanisa mawili yanayoshindana kengele. Pale katikati, bodaboda wanapogombania abiria, pana kiduara cha mawe kilichozungushiwa mnyororo. Humo ndimo alimo. Ni askari wa saruji, ameinua mguu kama anayevuka mto, na ukimtazama usoni utasema huyu mtu nimeshamwona mahali. Umemwona kweli. Umemwona siku ya soko akiuza mikungu yake, anaitwa Jovitus, wa Kituntu. Lakini ukiuliza askari yule ni nani, utaambiwa ni marehemu baba yake, Rwegoshora, aliyekufa vitani.

Mama yake Jovitus, Kokushubira, kila akija mjini hupita nyuma ya maduka, kwenye matope na maganda, asikutane na sanamu ile. Watu husema ni uchungu wa ujane. Waache waseme. Kaeni niwaambie.

*

Benjamin alifika Kituntu kwa pikipiki ya kukodi, mawingu yamejaa. Alikuwa mwalimu mstaafu, na sasa katibu wa kamati ya kujenga mnara wa vita. Alimkuta Kokushubira anamenya ndizi za mchana, na mkamwana wake Mackrine anaanua kahawa mbio mbio kabla mvua haijashuka. Akakaribishwa kigoda, akaletewa buni za kutafuna, akauliza habari za mazao na za mnyauko wa migomba, kama mtu mwenye adabu afanyavyo kabla ya kusema kilichomleta.

Kilichomleta kilikuwa hiki. Kamati haikutaka nguzo tupu, kila mji una nguzo. Ilitaka mtu. Na mtu mwenyewe wazee walikuwa wameshampata: Rwegoshora, mume wa Kokushubira, mgambo wa kwanza wa tarafa kutangazwa kuwa amekufa katika vita ile, mwaka sabini na tisa, na ambaye mwili wake haukurudi. Fundi anahitaji picha yake, hata ndogo, hata iliyochanika.

Kokushubira akasema picha ilikuwepo moja, mchwa waliila pamoja na kadi ya chama. Alisema hivyo akaona mzigo umemtoka kifuani. Ndipo Jovitus akatokea migombani, mkungu begani, shati limelowa. Benjamin akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akapiga paja lake kwa furaha.

"Mama, picha si hii hapa inatembea? Mtoto wa kiume wa kwanza ni baba aliyerudi, hata wahenga wamesema."

"Uso si jembe la kuazimana, Mwalimu," Kokushubira akajibu.

Walicheka wote, wakadhani ni unyenyekevu wa mjane. Jovitus alicheka kuliko wote. Mtu mzima yule, mwenye mvi za kuanzia na watoto wa sekondari, alitua mkungu akajipangusa uso kwa kiganja, taratibu, kama anayegusa kitu cha mtu mwingine. Hakuwahi kumwona baba yake. Hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba amefanana naye.

Lazima niwaeleze jambo hapa. Kwetu mtu asiyerudi haachwi hewani. Hukatwa shina la mgomba, likavishwa shuka, likalazwa kaburini badala yake, na mrithi ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Rwegoshora alizikwa hivyo, nyuma ya nyumba yake. Jovitus alikuwa mchanga wa kubebwa. Bibi yake Benadeta, mama mzazi wa Rwegoshora, alimfumbua kiganja, akakijaza udongo, akakikung'uta juu ya shimo mbele ya ukoo mzima. Kwa udongo ule, kibanja chote, shamba la ukoo na migomba na kahawa yake, na nyumba, vikawa vya mtoto.

Na Benadeta alikuwa anajua. Yeye na Kokushubira tu ndio waliojua kwamba Jovitus si damu ya Rwegoshora. Benadeta alikwenda na jambo hilo kaburini. Kokushubira alibaki nalo peke yake, miaka yote hiyo, kama mtu aliyeshika kaa la moto akiambiwa asikunjue mkono. Ukoo ukijua, mwanawe hana kibanja, na mtu asiye na kibanja kwetu ni mpita njia.

Akaendelea kumenya ndizi.

*

Fundi aliitwa Muhammad. Babu yake alitoka pwani akaja kufungua duka la misumari, na kazi za sanamu alijifunzia kwa kutengeneza simba wa milango ya nyumba za wageni. Kiwanda chake kilikuwa uani nyuma ya duka. Humo Jovitus alivishwa gwanda la kuazima lililombana kwapani, akapewa gongo ashike kama bunduki, akaambiwa ainue mguu.

Alisimama hivyo kutwa, kwa majuma. Wateja wa misumari walipita uani kumchungulia, wakimwita Afande, wakimpigia saluti za mzaha. Alipouliza posho, Benjamin alimshika bega akamwambia kwa upole kwamba mtoto wa shujaa hawezi kuuza sura ya baba yake, ingekuwa aibu. Akaletewa soda na andazi. Ila aliahidiwa kitu: mnara ukizinduliwa, yeye ndiye atakayekuwa mtunzaji wake, kazi ya mshahara, na jina lake lisomwe mbele ya mgeni rasmi.

Nyumbani kahawa iliiva ikaanza kudondoka. Migomba yenye mnyauko iling'olewa na Mackrine peke yake, jembe kwa jembe. Mackrine hakuwa mtu wa kugomba, lakini siku moja mumewe aliporudi kifua mbele, akitembea kama yuko paredi, alimwekea chakula kilichopoa.

"Wenzangu wana waume," akasema, "mimi nina nguzo."

Jovitus hakukasirika. Alikuwa amebeba zawadi. Alimgeukia mama yake, akamwambia fundi amempima uso kwa waya, pua, taya, masikio, halafu akasema jambo: kwamba paji lile la uso hajaliona kwa Wanyambo wengine, pana, limetokeza juu ya macho, na kwamba bila shaka marehemu alikuwa mtu wa kipekee. "Ni kweli, Mama? Baba alikuwa na paji hili?"

Kokushubira alisema anakwenda kufunga mbuzi. Mbuzi walikuwa wameshafungwa.

*

Saruji ilipokauka na askari akasimamishwa njia panda, amefunikwa turubai akingojea Siku ya Mashujaa, Benjamin alikumbuka kwamba kuna mtu mmoja hai aliyepigana bega kwa bega na Rwegoshora. Ni mzee Bigirimana wa Isingiro, upande wa Kyerwa. Akamleta aione sanamu, apigwe nayo picha, iwekwe kwenye kijitabu cha sherehe.

Mzee alishuka garini polepole, na fimbo yake. Jovitus alimwinamia, shikamoo, akaitikiwa marahaba bila kutazamwa. Turubai likafunuliwa. Mzee akazunguka. Akasifu buti, akasema ndizo zenyewe, ziliwatoa malengelenge hadi Kampala. Akasifu mkanda. Akafika mbele, akainua kichwa.

"Na huyu ni nani?"

Benjamin akacheka kidogo. "Rwegoshora, Mzee."

"Rwegoshora nimelala naye handaki moja. Mtu mfupi, uso wa duara kama kibuyu cha maziwa, meno ya juu yameachana. Tulimwita Mlango Wazi. Nilimfumba macho kwa vidole vyangu hivi. Huyu simjui."

Ndipo alipomwona Jovitus vizuri. Akamtazama yeye, akatazama saruji, akamtazama tena. Alikuwa mtu mwema, na mara moja akajua amevunja nini. Akasema macho yake yamezeeka, yana ukungu, asisikilizwe. Lakini bodaboda walikuwa wamejipanga palepale wakisikiliza. Maneno ya mzee yalipanda pikipiki yakafika Kituntu kabla ya Jovitus.

*

Rwegoshora alikuwa na mdogo wake, Elipidius. Msimfanye kuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa wana wengi na kibanja cha mmoja, na kwa miaka yote alikuwa akipita mpakani akitazama migomba ya kaka yake kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani. Jumapili baada ya ibada akaja na wazee wa ukoo, wakaketi uani.

Kokushubira ndiye aliyewahudumia. Alipiga magoti mbele ya kila mmoja akamkabidhi kibuyu cha rubisi, wale waliokuja kumhukumu, na kila mmoja alipokea akanywa kwanza. Walisifu pombe. Waliuliza kama ndizi zake ni za kibanja kilekile. Halafu Elipidius akafuta mdomo.

"Shemeji," akaanza, sauti ya chini, "mimi wakati ule nilikuwa mkubwa wa kuchunga mbuzi. Kaka aliondoka na mgambo wewe hupo, uko kwenu ng'ambo ya mto unamuuguza mama yako. Uliporudi yeye keshakwenda, na hakurudi tena. Miezi niliihesabu hata mimi. Nilipofungua mdomo mama alinipiga kwa mwiko, akaniapisha. Mama hayupo sasa. Na mimi sikusema neno, saruji ndiyo iliyosema. Jovitus ni wa nani?"

Kokushubira alikuwa amepiga magoti bado.

Wakamwambia kama ni wa Rwegoshora, kazi ni ndogo: aende nyuma ya nyumba aweke mkono juu ya kaburi la mgomba, aape. Hakuinuka. Mtu mmoja akasema kwa Kinyambo neno ambalo sitawatafsiria, watoto wapo. Wengine wakatazama vibuyu vyao. Mackrine, aliyesimama mlangoni na mwiko mkononi, aligeuka akaingia ndani, na hilo lilimuuma Kokushubira kuliko neno lile.

Jovitus alikuwa ameketi kwenye jiwe, mbali kidogo, kama mgeni. Akasimama.

"Mama. Watu wamekwenda kufa. Baba amelala handakini. Wewe ulikuwa na nani?"

Nzi walitembea kwenye midomo ya vibuyu. Kokushubira aliangalia mikono yake. Alikuwa na majibu mawili, na hakuna hata moja la kumpa mtoto. Moja lingemtoa Jovitus kwenye kibanja. La pili lingemtoa kwenye ngozi yake mwenyewe, kila akijitazama kwenye kioo cha kunyolea. Kwa hiyo akaacha wamwite malaya. Mtoto wa malaya, alijiambia, angalau ni mtoto wa watu waliotakana.

Elipidius akanyanyuka. Akasema yeye si mkatili, hatavuruga sherehe ya serikali. Mashujaa ikipita, wazee watarudi kupanda mimea ya mpaka upya. Jovitus atapewa muda wa kuvuna maharage.

Tangu siku hiyo nyumba ile ilibadilika kama chakula kilicholala. Wajukuu waliacha kuomba hadithi. Mackrine alimpelekea mama mkwe sahani yake, akaiweka chini mlangoni, akaondoka. Kisimani wanawake walimpisha Kokushubira achote kwanza, jambo ambalo hawakuwahi kumfanyia, na lilikuwa baya kuliko kusukumwa. Na Jovitus hakuuliza tena. Alipita mbele ya mama yake akimwamkia kwa adabu, shikamoo Mama, kwa sauti ya mtu anayemwamkia mke wa jirani.

*

Benjamin ndiye aliyekuja kuyasawazisha, naye alikuja akitoka jasho. Kadi za mwaliko zilishasambazwa. Mgeni rasmi alishathibitisha. Redio walishalipwa. Saruji haibadilishwi uso kwa patasi bila kichwa kupasuka, fundi Muhammad alishamwambia.

Kwanza alipita kwa Elipidius. Alikaa huko hadi chai ya jioni. Elipidius akapata zabuni ya kuleta mawe ya uzio na kokoto za njia, na kiti cha mstari wa mbele chenye kitambaa. Halafu Benjamin akaja kwa Kokushubira, akakaa kigoda kilekile.

Akamweleza kama anavyomweleza mtoto wa darasa la pili. Siku ya uzinduzi yeye, mjane, atapita mbele na maua. Atapiga magoti kama mke wa Kinyambo anavyomwamkia mumewe akirudi safari. Wageni watapenda, ni utamaduni. Ataulizwa kwenye kipaza sauti, Mama, unamtambua huyu? Naye atajibu: ni mume wangu, Rwegoshora. Mgeni rasmi akishasikia hivyo, nani wa Kituntu atafungua mdomo? Elipidius amekubali. Kibanja kitabaki cha Jovitus, na kazi ya utunzaji ataipata.

"Na mzee wa Isingiro?" Kokushubira akauliza.

"Huyo gari limekosa nafasi."

"Nikisema sijisikii vizuri, Jovitus akaweka maua?"

Benjamin akatikisa kichwa. Alikuwa anamwonea huruma, na huruma hiyo haikumzuia. "Mama Jovitus, ni maneno manne tu. Ukiyasema mwanao ana baba na ana ardhi. Usipoyasema hana kimoja. Mimi ningekuwa wewe ningeyaimba."

Kokushubira alimsindikiza hadi kwenye pikipiki, kama ada inavyotaka. Alimpa na mkungu mdogo wa ndizi za kupika, kwa mkewe.

*

Siku yenyewe jua liliwaka tangu asubuhi. Maturubai ya jukwaa yalikuwa ya wakubwa. Wajane wenzake wa vita waliketi kwenye mabenchi ya shule, juani, wakijifunika kanga kichwani. Kokushubira alivishwa gauni jipya la kamati lililokuwa refu kwake, likashikizwa kwa pini. Walimwonyesha pa kusimama kwa chaki iliyochorwa chini.

Ngoma ikapigwa. Padri akaomba, mchungaji akaomba, shehe akaomba. Mgeni rasmi akavuta kamba, turubai likashuka, watu wakapiga vigelegele, na yule pale, mweusi wa rangi mpya, ameinua mguu, paji lake limetokeza juu ya macho, anatazama chini.

Kokushubira alitembea. Alikuwa na maua ya plastiki kwenye sinia. Alipofika mbele ya buti alisimama kidogo, na Benjamin kando yake akanong'ona, magoti, Mama, magoti. Akapiga magoti. Kokoto za Elipidius ziliingia kwenye ngozi. Akaweka maua juu ya buti. Alipoinua macho uso ulikuwa juu yake, kwa kimo kilekile, kwa pembe ileile, na jua nyuma yake kama mlango ulioachwa wazi.

Kipaza sauti kikaja mdomoni.

"Mama, mwambie mgeni rasmi. Unamtambua huyu?"

Elipidius alijiinamia kitini. Jovitus alisimama kwenye safu ya familia, mikono nyuma kama askari, akimtazama mama yake.

"Ni mume wangu," Kokushubira akasema, "Rwegoshora."

Makofi yalilipuka. Mgeni rasmi akafuta jicho. Mtangazaji wa redio akawaambia wasikilizaji kwamba mapenzi ya kweli hayaozi. Lakini Kokushubira hakuinuka. Kitu kama kikohozi kilikuwa kinamtoka, kikavu, bila machozi. Ilibidi askari wawili wamshike kwapani wamnyanyue kama gunia la kahawa. Walipomshika alipiga ukelele mmoja mfupi, akaiondoa mikono yao. Watu wakasema masikini, amemkumbuka. Kwenye mabenchi ya juani wajane wengine hawakupiga makofi. Walikuwa wanamtazama.

*

Kila mtu alipata chake. Elipidius alilipwa mawe yake, akaja na kibuyu cha rubisi kupatana, akaketi uani na kusema damu ni damu. Mimea ya mpaka haikuguswa. Jina la Jovitus lilisomwa, akapewa koti la kijani lenye maandishi mgongoni, ndoo na brashi. Kila Jumamosi alipanda ngazi akaosha sanamu, kinyesi cha ndege na vumbi la malori, kuanzia kofia kushuka chini.

Lakini hakula tena na mama yake. Kwa akili yake mambo yalikuwa wazi: mama alizini baba akiwa vitani, kisha akasimama mbele ya serikali akadanganya, na yeye anaishi juu ya uongo huo na kulipwa kuupiga brashi. Mackrine, kwa upande wake, hakuwa na uhakika tena. Alikuwa amesikia ukelele ule. Mwanamke husikia. Alianza kuingiza sahani ndani, akaiweka mezani, akakaa hadi mama mkwe amalize.

Jumamosi moja mvua za vuli zikiwa zimeanza, Jovitus alirudi mapema. Kokushubira alikuwa barazani anachambua maharage kwenye ungo. Jovitus akatua ndoo, akakaa kwenye ngazi, mgongo kwa mama yake. Mackrine alikuwa ndani, karibu na mlango, na aliacha kufagia.

Jovitus akasema leo ameosha uso kwa sabuni. Akasema alifika kwenye macho akashindwa kuendelea, kwa sababu kumwosha uso mtu usiyemjua ni jambo gumu, hata akiwa wa saruji. Halafu akasema bodaboda wana utani mpya: wanamwuliza mzee ameamkaje. Mvua ikaongezeka. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imepungua hasira, imebaki uchovu.

"Sitaki kukuhukumu tena, Mama. Nimechoka. Nataka tu kujua namwosha nani. Ulikuwa na nani?"

Kokushubira aliendelea kuchambua. Aliokota kokoto, akaitupa uani. Aliokota nyingine, akabaki ameishika.

"Sikuwa na mtu," akasema. "Nilikuwa ng'ambo ya mto namuuguza mama. Askari wa upande wa pili wakavuka mpaka, wakaingia kijijini asubuhi, watu wanachemsha chai. Wengine walifuata ng'ombe. Mmoja akaingia ndani. Mama alikuwa kitandani, hawezi kuinuka, akageuzia uso ukutani. Nilivuka kwa mtumbwi, daraja wameshalivunja, nikafika hapa Rwegoshora keshaondoka. Bibi yako alinipokea mlangoni. Aliniangalia tu, akaweka maji ya moto. Ulipozaliwa akakupokea yeye, akasema huyu ni wetu, na mkono wako aliujaza udongo yeye mwenyewe. Jina la yule mtu sikulijua. Na uso wake, Mungu alinisaidia, niliusahau. Ulikuwa mtoto, sura ya mtoto haina mwenyewe. Halafu ukaota ndevu. Tulikuwa tunakula, pale ndani, ukainua kichwa, na ndiye. Ukaniomba chumvi. Nikakupa."